Je, Kuacha Nako ni Kazi?



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapofika na upepo wa Dodoma unapoanza kututupia vumbi machoni, twaona moshi ukipanda huku na huku vilimani. Ni watu wanatayarisha mashamba. Ukimwuliza mtu anafanya nini, atakujibu, "Ninasafisha shamba." Hakuna asemaye kwamba anaua vichaka. Neno letu ni kusafisha, nalo limetuingia sana hata tumelifanya kuwa sheria: shamba jema ni lile lisilo na kijiti, na mkulima hodari ni yule ambaye ukisimama mpakani mwake huoni kitu ila udongo mwekundu.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo dogo lililotokea katika mtaa wetu. Jumamosi moja ya kiangazi tulikutana, wazee wa kanisa, vijana na akina mama, ili kusafisha sehemu iliyo nyuma ya kanisa. Ilikuwa imeota mikole, migunga midogo, na vichaka vingine vya miiba ambavyo kila mtu alikuwa na jina lake la kuviita. Vijana walikuwa wamekwisha kunoa mapanga. Ndipo bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama, aliyekuwa ameketi kivulini, akauliza, "Wanangu, mmekuja kusafisha au kumaliza?"

Watu walicheka. Mzee mmoja akamjibu kwa heshima, "Bibi, kichaka ni nyumba ya nyoka. Tena ni aibu. Wageni wakija kwenye kipaimara watasema Wakristo wa hapa ni wavivu." Bibi akasema, "Haya, baba. Lakini mlenda mliokula Jumapili niliuchuma hapo hapo wakati wa mvua."

Kicheko kikaisha, na kazi ikasimama. Tangu siku ile tumekuwa tukijadiliana, barazani na njiani, juu ya swali ambalo tulidhani halina maana: Je, mtu anayeacha kitu kikae amefanya kazi, au amekwepa kazi? Na kama kuacha ni kazi, tutaitofautishaje na uvivu?

Swali hili si jepesi kwa msomaji wa Biblia. Katika Mithali 24:30-34 twasoma habari za mtu aliyepita karibu na shamba la mvivu, akaona limejaa miiba na magugu, na ukuta wake umeanguka. Yule mzee wetu alikuwa na Maandiko upande wake. Miiba katika shamba ni ushahidi dhidi ya mwenye shamba. Basi, tukimwambia mkulima aache vichaka, je, hatumfundishi uvivu na kuupaka rangi ya utakatifu?

Kabla ya kujibu, yafaa tukitazame kwanza hicho tunachotaka kukiondoa. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi, nayo hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi saba hivi ni mikavu. Mmea uishio hapa umejifunza kustahimili njaa. Mti wa jamii ya manemane, wenye gome linalobambuka kama karatasi, huangusha majani yake mapema na kusimama mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni atasema umekufa. Lakini kwangua kidogo lile gome, utaona chini yake ni kijani. Mti unaendelea kujitengenezea chakula kwa shina lake kwa sababu majani yangempotezea maji. Mbuyu huweka maji katika shina. Mgunga hupeleka mizizi yake mbali chini, na hujilinda kwa miiba. Minyaa haina majani ya kuonekana, na utomvu wake ni mkali machoni, ndiyo maana watu huipanda kuwa ua. Hakuna hata mmoja wa mimea hii uliokaa bure. Unaonekana mkaidi na mbaya kwa sababu umekubali kuishi pale ambapo mzuri angekufa.

Tena tukumbuke kwamba zawadi mbili kati ya tatu alizoletewa Bwana wetu alipokuwa mtoto zilitoka katika pori kavu la namna hii. Ubani na manemane si matunda ya bustani. Ni utomvu wa miti ya nchi kame, kama vile Somalia, Ethiopia na kusini mwa Arabuni, na manemane hutoka katika mti mfupi wenye miiba ambao ni ndugu wa miti yetu ya hapa. Utomvu wenyewe hutoka mahali gome lilipojeruhiwa. Basi tunaposoma sura ya pili ya Mathayo wakati wa Epifania, tujue kwamba Mamajusi walibeba kitu ambacho sisi tungekikata asubuhi na kukichoma jioni.

Na matumizi yake kwetu? Kila mama wa Ugogo aweza kuyahesabu kuliko sisi: mlenda wa kukausha na kutunza hadi kiangazi, tunda la mkole ambalo watoto hula wakichunga, mswaki, ukwaju, ubuyu, kuni, fito za nyumba, dawa, malisho ya mbuzi majani mengine yanapokwisha. Huko Itigi, katika wilaya ya Manyoni, kuna vichaka vilivyoshikamana hata mtu hawezi kupenya bila panga, vyenye kimo cha mita tatu hadi tano tu. Abiria wa gari moshi huvipita na kusema, "Pori tupu." Lakini nyuki hawasemi hivyo, na asali ya Manyoni inajulikana mbali. Vichaka vya namna ile havipatikani penginepo duniani ila huko na katika sehemu ya Zambia iliyo karibu na Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Neno "tupu" ni letu sisi. Pori lenyewe halikuwa tupu kamwe.

Katika mkoa wetu huu huu kuna mahali panapotufundisha neno hilo laweza kuwagharimu watu kiasi gani. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma watu kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Walipendekeza ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Mwaka wa kwanza ulikusudiwa kusafisha ekari 150,000. Zililetwa trekta na mashine kubwa, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta.

Vichaka vilianguka kirahisi. Matawi yalilala chini, na mtu aliyetazama kwa mbali angesema kazi imekwisha. Lakini kazi ilikuwa chini ya ardhi. Mizizi ilibaki, imesukana kama kamba, nayo ilivunja majembe ya plau. Kiangazi kilipofika udongo uliopoteza kifuniko chake uligeuka mgumu kama tofali. Mvua haikufuata ratiba iliyoandikwa London. Eneo lililopandwa mwaka ule halikufika hata sehemu moja ya kumi ya lile lililokusudiwa. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Hatusemi haya ili kuwacheka Waingereza. Wengi wao walikuja kwa nia njema, na njaa waliyotaka kuiondoa ilikuwa njaa ya kweli. Twasema kwa sababu kosa lao ni kosa letu katika kipimo kikubwa. Waliona juu ya ardhi, hawakuona chini. Waliwaona wenyeji wakilima vipande vidogo na kuacha vingine, wakadhani kule kuacha ni kwa kutokujua. Hawakuuliza kama kuacha kulikuwa ni maarifa.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusikimbilie upande wa pili. Wako wasemao sasa kwamba pori liachwe tu, na kila akataye mti ni mwenye dhambi. Siku tulipojadili jambo hili baada ya ibada, ndugu yetu mmoja anayechoma mkaa alisimama. Hakuwa na hasira. Alisema, "Ninyi mnasema tuache. Mimi nikiacha, sare na daftari za watoto nitazitoa wapi? Na ninyi nyote mnapikia nini?" Tulinyamaza, maana wengi wetu tulikuwa tumenunua gunia lake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umekua, viwanja vinapimwa, na haja ya mkaa inakua pamoja nao. Mtu wa mjini hupika kwa mti ambao hakuukata, kisha humlaumu aliyeukata. Huo si uadilifu.

Tena liko jambo la Kondoa. Ardhi ya kule ilikuwa imemomonyoka vibaya, makorongo yamekula mashamba. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika sana, makumi ya maelfu ya wanyama. Nyasi na vichaka vilirudi, na nchi ilipona kwa namna iliyowashangaza wengi. Lakini gharama ya kupona kule ilibebwa na mwenye ng'ombe, aliyewaona wanyama wake wakiondoka na maziwa ya watoto yakiondoka nao. Ardhi iliachwa, ila aliyeamriwa kuacha hakuwa ndiye aliyeamua. Basi hatuna budi kuuliza swali jingine pamoja na lile la kwanza: Ni nani anayeacha, na ni nani anayelipa?

Sasa turudi kwenye swali letu tukitafuta jibu. Twaona msaada katika habari ya mtu mmoja aliyekuwa mmisionari, Tony Rinaudo wa Australia, aliyefanya kazi Niger, nchi kame kuliko yetu. Alikuwa amepanda miche kwa miaka kadhaa, na mingi ilikufa. Mwaka 1983 alisimamisha gari lake njiani ili apunguze upepo katika magurudumu kwa sababu ya mchanga. Akatazama nyika iliyo tupu pande zote, akaomba. Kisha akaona kijichaka kidogo ambacho alikuwa amekipita mara nyingi. Alipokikaribia na kuyatazama majani yake, akatambua kwamba si kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa, unaochipua kutoka kisiki chake. Nyika nzima ilikuwa imejaa visiki vya namna hiyo. Msitu haukuwa umekufa. Ulikuwa chini ya ardhi, nao ulikuwa ukikatwa kila mwaka na watu waliodhani wanasafisha.

Tangu hapo aliwaomba wakulima wasipande kitu, bali walinde kilichokwisha kuwapo. Wengi walicheka. Katika Niger mti ulihesabiwa tangu zamani za ukoloni kuwa mali ya serikali, na mtu hakuona sababu ya kulinda kisicho chake. Lakini walipoona kwamba wataruhusiwa kufaidi miti ya mashambani mwao, jambo lilienea kutoka mkulima kwa mkulima, hata kufika hekta milioni tano hivi. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa nishani ya kimataifa kwa kazi hiyo. Nasi hapa Dodoma tumeipokea njia hii, nayo twaiita Kisiki Hai.

Ni jina zuri sana. Ayubu aliyajua haya zamani, maana katika sura ya 14 asema juu ya mti uliokatwa kwamba una tumaini, na ya kuwa harufu ya maji tu yaweza kuuamsha. Nasi twajua sababu: kisiki kina mizizi kamili iliyokwisha kufika kwenye unyevu, wakati mche wa kitalu unaanza na mizizi ya kiganja kimoja. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche tunaoupanda kwa shangwe na kuusahau.

Lakini angalieni jinsi Kisiki Hai kinavyofanyika, maana jibu letu limo humo. Kwanza, mkulima hutembea shambani akatazama kila kisiki. Pili, kati ya machipukizi mengi huchagua machache yaliyonyoka na yenye nguvu, mengine huyapogoa, pamoja na matawi ya chini. Tatu, hufunga kitambaa ili mpita njia na mchungaji wa mbuzi wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Nne, hurudi kupogoa na kulinda msimu baada ya msimu. Hayupo mvivu afanyaye hayo. Aliyeacha kwa uvivu hawezi kukuambia ana visiki vingapi. Aliyeacha kwa kusudi atakutembeza shambani mwake, na kila kimoja atakionyesha kwa kidole.

Basi yule mtu wa Mithali hakuhukumiwa kwa sababu ya miiba yenyewe. Alihukumiwa kwa sababu alikuwa amelala. Ukuta wake ulianguka asijue. Na katika Luka 13:6-9 Bwana wetu atupa mfano wa upande wa pili. Mwenye shamba ataka mtini usiozaa ukatwe. Mtunzaji aomba uachwe mwaka mmoja zaidi, lakini haishii hapo: aahidi kuuchimbulia pande zote na kuutia samadi. Ombi la kuacha limefungwa pamoja na ahadi ya jasho. Kama angesema tu "uache," angekuwa mvivu. Kama angesema tu "ukate," angekuwa mwepesi wa kuhukumu. Alisema uache, na mimi nitafanya kazi.

Kwa hiyo twajibu hivi: ndiyo, kuacha nako ni kazi, ikiwa aachaye ametazama, amechagua, na anarudi kulinda. Uvivu huacha kwa sababu haujali. Saburi huacha kwa sababu imeona kitu ambacho bado hakijaonekana kwa wengine. Kwa macho ya mpita njia mambo hayo mawili hufanana kabisa, na hiyo ndiyo shida yetu: mtu mwenye saburi hana budi kukubali kuitwa mvivu kwa miaka kadhaa.

Na juu ya ndugu yetu wa mkaa, hatuwezi kumfukuza na kujiona wema. Tulimwambia ukweli: ukiacha kung'oa visiki na kuvilinda, utapata matawi ya kukata mwaka hata mwaka, ila hutapata magunia mengi kwa mara moja. Akasema kwamba ni miaka miwili ya kwanza itakayomwua. Alikuwa na haki. Basi kama kanisa lataka aache, kanisa limsaidie kuacha: kwa kazi, kwa mbegu, kwa debe la mtama, na kwa sisi wenyewe kupunguza mkaa tunaoununua. Kumwambia maskini avumilie wakati sisi hatuvumilii chochote ni kumwekea mzigo tusioutaka kuugusa kwa kidole.

Twajua pia kwamba wako watu tunaowaona kama tunavyoona vichaka. Kijana aliyeacha shule, mlevi aliyerudi kanisani akaanguka tena, binti aliyezaa nyumbani: twasema wamekwisha, twawasafisha kutoka midomoni na kwenye vyeo vyetu. Yatupasa kuwatazama vizuri kabla ya kusema hivyo. Huenda mizizi ingali imeshika chini sana, na linalohitajika ni mtu wa kukaa karibu, kupogoa kwa upole, na kuwazuia mbuzi.

Wasomaji watataka kujua mwisho wa ile Jumamosi. Mbele ya kanisa na njia ya kuingilia tulifyeka, maana nyoka ni nyoka, na yule mzee hakukosea. Nyuma tuliacha. Vijana walichagua machipukizi, wakayafunga vipande vya kitenge kilichochakaa alivyovitoa yule bibi. Tungependa kusema yote yamestawi. Mengine yalikauka, na mbuzi waliingia mara mbili kwa sababu hatukuweka zamu ya kulinda. Uvivu wetu wenyewe ulituumbua. Yaliyobaki sasa yamefika begani mwa mtoto wa shule, na baada ya ibada watoto hugombea kivuli chake ingawa bado ni chembamba.

Katika wimbo wa Benedicite twaviita viumbe vyote vimeavyo juu ya nchi vimsifu Bwana. Hatuchagui vile tulivyovipanda sisi tu. Mwezi wa Oktoba utakapofika, nasi tukashika mapanga, Bwana atujalie kusimama kidogo kabla ya pigo la kwanza na kutazama chini, kwenye kisiki. Na zamu ya kuwafukuza mbuzi nyuma ya kanisa imebandikwa mlangoni. Wiki mbili za Novemba bado hazina majina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote.